Msafara Usiofika Makka

Leo nataka tuitazame pamoja karatasi moja ndogo. Urefu wake ni kama sentimita 20, ukiiwekea viganja viwili inapotea. Imechapwa kwa wino mweusi. Katikati yake amesimama mtu mmoja peke yake, bila umati wala jumba nyuma yake, ila mavazi tu: mavazi mazito, ya heshima, yanayoshuka hadi chini kama yanavyoshuka majoho ya wakubwa. Na chini ya miguu yake yameandikwa maneno mawili ya Kifaransa, Sultane Noire. Kwa lugha yetu tungesema Sultana Mweusi, yaani mke wa sultani, na mwanamke mwenyewe ni mweusi.

Ukiletewa karatasi hiyo bila maelezo utasema, alhamdulillahi, kumbe karne ya kumi na nane Wafaransa waliwahi kumchora mwanamke wa Kiafrika aliyekaa kwenye cheo. Utataka kujua jina lake, kwao wapi, alifikaje huko. Mimi nilipoiona mara ya kwanza nilijiuliza maswali hayohayo, na nikasikia furaha fulani moyoni. Furaha hiyo haikudumu. Mwanamke huyo hakuwahi kuwepo. Ndani ya majoho yale alikuwamo kijana wa kiume, Mfaransa, mwanafunzi wa sanaa mjini Roma, na siku zenyewe zilikuwa za kanivali ya mwaka 1748.

Tuanze na mahali. Ufaransa ilikuwa na chuo chake cha sanaa mjini Roma tangu mwaka 1666, enzi za mfalme Louis wa Kumi na Nne. Vijana waliokuwa wameshinda mashindano makubwa ya uchoraji na uchongaji kule Paris walipelekwa huko kwa gharama ya mfalme, wakae miaka kadhaa, wanakili sanamu za kale na kazi za mafundi waliotangulia. Mwaka huo wa 1748 chuo kilikuwa ndani ya jumba la Mancini, kwenye barabara ya Corso. Na Corso ndiyo barabara ya kanivali. Kabla ya Kwaresima kuingia, kabla ya siku za kufunga na kujinyima, Roma yote ilimiminika barabarani hapo: vinyago, magari ya kukokotwa, mbio za farasi, watu wa kila tabaka wakijifanya wasivyo. Kwa wanafunzi wa Kifaransa kanivali ilikuwa mlangoni kwao.

Mkuu wa chuo alikuwa mchoraji Jean-François de Troy, naye hakuwazuia. Wakaamua kufanya kitu ambacho Roma haitakisahau. Miaka 13 nyuma, katika kanivali ya 1735, wenzao waliowatangulia walikuwa wamejivika mavazi ya Kichina. Safari hii walichagua Waturuki, na jina la maonyesho yao wakaliita Msafara wa Sultani kwenda Makka.

Hebu lipime jina hilo. Katika mji wa Papa, mbele ya makadinali na mabalozi, vijana Wakristo wanajipanga kama mahujaji. Mmoja ni Sultani. Mwingine ni Mufti. Mwingine ni mkuu wa Janisari, askari wa Sultani. Kuna mabalozi wa nchi za mbali wanaofuatana na msafara. Kuna wake za Sultani, na vyeo vyao vimetenganishwa kwa asili yao: huyu Mgiriki, huyu mweupe, huyu mweusi. Wakati huo chuo kile hakikupokea wanawake, na mwanamke hakuruhusiwa hata kushindania nafasi ya kwenda Roma mpaka mwaka 1903. Kwa hiyo wake za Sultani nao walikuwa wanafunzi, wanaume.

Nguo zao hazikuwa za thamani. Zilikuwa vitambaa vya kawaida, vimepakwa rangi kwa ustadi mpaka mtazamaji aone hariri na zari na manyoya. Hawa walikuwa wachoraji, rangi ndiyo kazi yao, na mimi naona hapo ndipo palipokuwa na fahari yao ya kweli. Mwana wa tajiri anaweza kununua hariri. Mwanafunzi asiye na kitu anaweza kuichora hariri juu ya kitambaa cha bei ndogo, na umati mzima ukaamini. Ilikuwa namna ya kuwaambia wakubwa wa Roma waliosimama madirishani: tazameni tunachoweza kufanya, tutafuteni mkiwa na kazi.

Kati ya wanafunzi hao alikuwapo Joseph-Marie Vien. Alikuwa na umri wa miaka 31, mzaliwa wa Montpellier, kusini mwa Ufaransa, aliyeshinda mashindano ya Paris mwaka 1743 na kufika Roma mwaka uliofuata. Wenzake walipokwisha kuvua nguo zile na kurudi kwenye masomo yao, Vien alikaa na michoro yake akaanza kuihamishia kwenye shaba. Zikatoka karatasi takriban thelathini, kila moja na mtu wake, kila moja na cheo chake kimeandikwa chini, na kitabu kizima akakitabaruku kwa mkuu wake de Troy. Sultana Mweusi ni mmojawapo wa watu hao.

Niruhusu nikae kidogo kwenye kazi yenyewe ya mkono, kwa sababu bila kuijua picha hii haieleweki vizuri. Fundi huchukua bamba la shaba lililosuguliwa mpaka linang'aa kama kioo. Hulipaka utando mwembamba wa nta na lami, halafu huutia moshi wa mshumaa hadi uwe mweusi. Sasa hushika sindano na kuchora. Kila sindano inapopita, nta huondoka na shaba huonekana ikimeremeta, mstari kwa mstari. Kisha bamba hutiwa kwenye tindikali. Tindikali haiwezi kuila nta, inaila shaba pale tu sindano ilipopita. Ukiliacha kwa muda mfupi mstari unakuwa hafifu, ukiliacha zaidi mstari unakuwa na kina. Baadaye nta husafishwa, wino husuguliwa ndani ya mifereji ile, uso wa bamba hufutwa, karatasi iliyoloweshwa hulazwa juu yake, na vyote viwili hupitishwa kati ya magogo mawili ya mashinikizo. Karatasi hunyonya wino kutoka mifereji. Kilichokuwa kulia kinatokea kushoto.

Nimeeleza yote hayo kwa ajili ya jambo moja. Katika chapa ya namna hii hakuna rangi. Weupe ni karatasi iliyoachwa vilevile, na weusi lazima utengenezwe. Kila kivuli, kila ngozi iliyokolea, ni sindano iliyopita, ikarudi, ikapita tena kwa mshazari juu ya mistari ya kwanza. Weusi wa mtu ndani ya chapa ya shaba ni uamuzi, ni kazi ya mkono uliokaa na kukusudia. Vien alikusudia. Katika orodha yake ya wake za Sultani alitaka mmoja awe mweusi, kwa sababu orodha isingetimia bila yeye.

Hapo ndipo maana ya kijamii inapoanzia. Mavazi katika karne ile yalisomwa kama barua. Ufaransani mtu aliyeingia kwenye jumba la mfalme kule Versailles alijulikana hata kwa kisigino cha kiatu: visigino vyekundu vilikuwa alama ya watukufu. Upanga kiunoni ulisema mtu huyu ni wa ukoo gani. Istanbul ilikuwa vivyo hivyo, pengine zaidi. Kila kundi lilikuwa na kilemba chake na rangi zake za viatu, na cheo cha mtu hakikuisha hata kaburini, kwani juu ya jiwe la kaburi la mwanamume palichongwa kilemba cha cheo chake. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Wazee wetu walijua joho linavaliwa na nani na kilemba kinafungwa vipi, na nani hana ruhusa ya kuvaa viatu mbele ya nani.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha ukali wa lugha hiyo ya mavazi. Mwaka 1699 mfalme wa Ufaransa alimtuma Istanbul balozi mpya, Charles de Ferriol. Siku ya kwenda kumwona Sultani Mustafa wa Pili ilipofika, mwanzoni mwa mwaka 1700, balozi alikwenda na upanga wake kiunoni. Desturi ya nyumba ya Sultani haikuruhusu mtu kuingia na silaha. Akaambiwa auvue. Akakataa, akisema upanga ule ni sehemu ya heshima ya mfalme wake. Wakabishana pale mlangoni, na mwisho balozi akageuka akaondoka bila kumwona Sultani. Dola mbili kubwa zilishindwa kusalimiana kwa sababu ya kitu kilichoning'inia kiunoni mwa mtu mmoja.

Ferriol huyohuyo ndiye aliyemwajiri mchoraji aitwaye Jean-Baptiste Vanmour, akamwagiza achore watu wa Istanbul, kila mmoja na vazi lake. Mwaka 1714 michoro hiyo ilichapwa Paris, chapa 100 ndani ya kitabu kimoja. Kwa miaka mingi baadaye, mchoraji yeyote wa Ulaya aliyetaka kumchora Mturuki bila kusafiri alikwenda kwenye kitabu hicho. Vien mwenyewe hakufika Istanbul hata siku moja. Alikuwa anachora Waturuki wa kitabuni, waliovaliwa na Wafaransa, katika barabara ya Waitaliano.

Na sasa nije kwenye jambo linalonigusa kuliko yote. Msafara ule wa Sultani kwenda Makka haukuwahi kutokea. Sizungumzii Roma, nazungumzia huko kwenyewe. Hakuna sultani hata mmoja wa Dola ya Uthmaniya aliyekwenda Hijja akiwa kwenye kiti chake cha enzi. Walijiita watumishi wa Miji Miwili Mitukufu, wakatuma mali na zawadi kila mwaka, lakini wao wenyewe hawakwenda. Aliyetaka kwenda yalimfika. Sultani Osman wa Pili, kijana wa miaka 17, alitangaza mwaka 1622 kwamba anakwenda Makka. Mufti mkuu alimshauri asiende, akimwambia kwamba kwa mtawala kukaa na kuwafanyia watu haki ni bora zaidi. Hakusikia. Askari wa Janisari wakashuku kuwa Hijja ni kisingizio, kwamba anakwenda kukusanya jeshi jipya la kuchukua nafasi yao. Wakaasi, wakamwondoa, wakamuua mwezi Mei mwaka huohuo.

Kilichokwenda Makka kwa niaba ya watawala ni vitu. Kutoka Istanbul zilitoka zawadi za fedha kwa watu wa Haramu mbili. Kutoka Kairo ilitoka kiswa, nguo ya kuifunika Al-Kaaba. Na pamoja na misafara ya Kairo na ya Sham alikwenda ngamia aliyebeba mahmal, kama kibanda kilichofunikwa kwa kitambaa cha thamani. Mahmal lilikwenda bila abiria. Lilikuwa alama ya mtawala asiyekuwepo. Watu wa Kairo walijipanga njiani kulishuhudia likipita, wakikigusa kitambaa chake kwa kutafuta baraka.

Basi fikiri, msikilizaji. Waislamu wenyewe walikuwa na kiti kisichokaliwa kinachokwenda Makka. Vijana wa Roma wakamkalisha mtu juu ya kiti hicho, wakampa wake wanne watano, mabalozi na walinzi, wakaita hiyo ndiyo Hijja. Hawakuwa na nia mbaya, na nasema hivyo kwa moyo mmoja, maana kazi ya Vien si ya dhihaka. Watu wake hawakejeliwi. Hakuwapa pua za kuchekesha wala macho ya kutisha. Amewasimamisha kwa utulivu, kila mkunjo wa nguo umefuatwa kwa subira, na mtu anayependa kazi ya mkono hawezi kuzitazama karatasi hizo bila kuheshimu. Lakini heshima kwa kitambaa si lazima iwe heshima kwa mtu.

Tumrudie Sultana Mweusi. Katika nyumba ya Sultani kule Istanbul walikuwamo Waafrika wengi, lakini hawakuwa pale Vien alipowaweka. Wanawake weusi ndani ya nyumba ile walikuwa zaidi watumishi, watumwa wa kazi. Wanawake waliopanda hadi kuwa mama wa wafalme walitoka zaidi nchi za Kaukazi na Ulaya. Mwafrika mwenye nguvu katika jumba lile alikuwa mtu mwingine kabisa: mkuu wa matowashi weusi, aliyesimamia nyumba ya wanawake, na zaidi ya hapo akasimamia mali za wakfu zilizoilisha Makka na Madina. Huyo ndiye aliyehusika na Hijja kwelikweli.

Na wakati ule kulikuwa na mmoja mashuhuri sana. Aliitwa Al-Haji Beshir Agha. Alichukuliwa utumwani kutoka Uhabeshi akiwa mtoto, akahasiwa, akauzwa, akapanda ngazi. Aliwahi kuwa mkuu wa matowashi waliolinda kaburi la Mtume, rehema na amani zimshukie, kule Madina. Mwaka 1717 akaitwa Istanbul kuwa mkuu wa matowashi wa jumba la Sultani, na akakaa kwenye cheo hicho karibu miaka 30, hadi alipofariki mwaka 1746. Mawaziri wakuu walipanda na kushuka kwa neno lake. Alijenga madrasa, maktaba, na sabili za maji. Alipofariki, vijana wa Roma walikuwa wamebakiza chini ya miaka miwili kufanya maonyesho yao.

Naomba uviweke viwili hivi pamoja. Huku ni Mwafrika halisi, mwenye jina, aliyenyang'anywa nchi na uzazi, na ambaye pamoja na hayo aliishika hazina ya Haramu mbili mkononi mwake. Huku ni Mwafrika wa kubuni, hana jina, hana kwao, kapewa cheo ambacho wenzake hawakukipata, na ndani yake yumo mvulana wa Kifaransa. Picha ilimchagua wa pili. Na kwa kuwa chini ya karatasi pameandikwa cheo tu, bila kuandikwa kwamba aliyevaa ni mwanafunzi, karatasi ikitengana na jalada lake ushahidi unapotea. Inabaki Sultane Noire, imesimama, inaaminika. Ndivyo mimi mwenyewe nilivyodanganyika.

Kulikuwa pia na Waislamu halisi karibu na Roma mwaka ule. Hawakuwa wamevaa hariri, hata ya kupaka rangi. Katika bandari ya Civitavecchia, mwendo wa kilomita kama 70 kutoka barabara ya Corso, zilifungwa merikebu za kivita za Papa, merikebu za makasia. Waliovuta makasia hayo walikuwa wafungwa, na pamoja nao watumwa Waislamu waliokamatwa baharini, kutoka pwani za Afrika ya Kaskazini na nchi za Uthmaniya. Miguu yao ilikuwa na minyororo. Wakristo nao walikuwa watumwa Algiers na Tunis, hilo ni kweli na lisifichwe. Lakini ninapowafikiria vijana wale wakijifunga vilemba mbele ya kioo, nawafikiria na wale waliokuwa Civitavecchia, ambao kwao Makka ilikuwa safari wasiyoweza hata kuiota. Mji ule ulikuwa na hamu ya kumwona Mwislamu akipita kwa fahari. Waliokuwa wakiishi katika himaya yake haukuwachora.

Wapo watakaosema: hayo ni mambo ya Wazungu wa zamani, yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu, kwa njia ya Kilwa. Mnamo mwaka 1776, miaka 28 baada ya kanivali ile, Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice alifika Kilwa kutoka Île de France, kisiwa ambacho leo tunakiita Morisi, kilichokuwa koloni la Ufaransa lenye mashamba yaliyohitaji mikono. Huyu hakukutana na sultani wa kanivali. Alikaa mbele ya Sultani wa Kilwa, mtu wa kweli, Mwislamu wa kweli, akaandikiana naye mkataba. Kila mwaka apewe watu 1,000, kila mmoja kwa piastre 20, na Sultani apate piastre mbili juu ya kila kichwa. Katika mkataba ule hakuna aliyejifanya mtu mwingine. Mfaransa alikuwa Mfaransa, Sultani alikuwa Sultani, na waliouzwa walikuwa watu weusi, wanaume kwa wanawake, walioteremshwa kutoka bara kuja pwani. Mwanamke mweusi aliyekutana na Wafaransa wa karne ile alikutana nao hivyo, ndani ya jahazi, akiwa hana jina katika daftari.

Kwa hiyo mimi siwezi kuitazama karatasi ya Vien kama mchezo wa vijana peke yake. Jamii moja, katika maisha ya watu wale wale, iliweza kumnunua mwanamke mweusi Kilwa na kumvika taji Roma, na taji lile halikumpunguzia hata senti moja ya bei yake, kwa sababu aliyevikwa taji hakuwa yeye.

Vien aliendelea vizuri. Alirudi Paris, akawa mwalimu wa Jacques-Louis David, mchoraji mkubwa wa siku za mapinduzi. Akarudi Roma kuwa mkuu wa chuo kilekile mwaka 1775. Akawa mchoraji wa kwanza wa mfalme mwaka 1789, mwaka ambao mfalme alianza kupoteza kila kitu. Napoleon akamfanya seneta na kumpa cheo cha utukufu, na alipofariki mwaka 1809, akiwa na miaka 92, alizikwa ndani ya Panthéon mjini Paris, pamoja na wakubwa wa taifa. Mtu aliyeanza kwa kuwavika wenzake vyeo vya kuchora alimaliza na cheo chake mwenyewe.

Limebaki jambo moja, na kwa Waislamu wanaonisikiliza nadhani mmeshaliona tangu mwanzo. Msafara wa Makka una mahali unapobadilika. Mahujaji wa Sham waliopitia Madina walifika Dhul-Hulaifa, nje kidogo ya mji, kwenye mikati, yaani mahali pa kuingilia katika Hijja, na hapo wanaume wote walivua. Amiri wa Hijja alivua joho lake. Askari alivua sare yake, mfanyabiashara alivua kilemba chake kizuri. Kila mmoja akajitanda shuka mbili nyeupe zisizoshonwa, kichwa wazi, na kuanzia hapo hukuweza kumtofautisha pasha na mchunga ngamia. Safari yote ile ya siku nyingi jangwani, pamoja na bendera na ngoma na mahmal, ilikuwa inakwenda kufika mahali pa kuvulia nguo. Katika karatasi zile takriban thelathini hayumo hata mtu mmoja aliyevaa ihramu, zile shuka mbili. Vien na wenzake walichukua kila vazi la njiani wakaliacha lile moja la mwisho, na nadhani hawakulikosa kwa uvivu. Shuka nyeupe haina cheo cha kuandikwa chini yake. Kanivali isingejua la kufanya nayo.

Marehemu baba yangu mkubwa alikwenda Hijja akiwa mtu mzima, baada ya kuweka akiba miaka mingi. Aliporudi tulimpokea kwa dufu, akiwa amevaa joho jipya na kilemba, na watoto wa mtaani wakamfuata nyuma. Joho lile alilivaa Idi mbili tatu, halafu akampa mtu. Shuka mbili alizikunja, akazitia ndani ya sanduku la mbao pamoja na chupa ya maji ya Zamzam, akatuambia zisiguswe. Mwaka alipofariki tulilifungua sanduku. Zilikuwa zimegeuka rangi kidogo kwenye mikunjo. Tulimzika nazo.